Barua ya Sita

Bwana Malmqvist,
hii ni barua ya sita. Ya tano mliijibu
kwa kunishukuru kwa barua ya nne.

Naitwa Hilja Kumpulainen. Namba ya madai mnayo,
ni ndefu kuliko majina yote ya ubatizo
aliyorundikiwa marehemu babu yangu.
Naendesha teksi ya watoto wa shule, Kuusiranta,
nyumba kumi na tisa na kengele moja.

Mnauliza tena: ajali ilitokea wapi?
Mtoni, Bwana. Mto ambao tangu Desemba ni barabara,
posta huupita, kasisi huupita,
na mkunga aliupita usiku wa kuja kunipokea.
Tarehe nane Aprili, alfajiri,
barafu ilifunguka chini ya Rauno
bila hata kupiga kelele.
Pikipiki ya theluji ikazama na taa zake zikiwaka.
Niliziona zikishuka: manjano, kijani, kisha basi.
Rauno alijikokota nje kwa viwiko.
Goti la kushoto halijawa goti tena.

Mkajibu: bima hii ni ya nchi kavu,
penye maji, waoneni wenzetu wa vyombo vya baharini.
Nikawapigia wa baharini.
Binti mmoja mpole akaniuliza
chombo kimesajiliwa bandari gani,
na nahodha ana cheti?
Nikacheka mpaka nikaketi sakafuni.
Yeye naye akacheka. Kisha akasema hapana.

Halafu gari.
Nilikuwa nakwenda na trela kuichukua pikipiki
(wazamiaji walitoza saa nne, risiti nimeituma mara tatu)
na pale kwenye kona ya kinu cha mbao
kulungu wa theluji alisimama katikati ya lami
akinitazama kama mwenye kiwanja.
Boneti ilijikunja. Mnauliza: kulungu wa nani?
Eti kila ukoo una mkato wake sikioni, ningesoma.
Ningesoma, Bwana,
lakini sikio aliondoka nalo.

Mgonjwa haulizwi uji, walisema waliotutangulia.
Mimi nimeulizwa uji, bakuli, kijiko,
na ushahidi wa njaa uliogongwa muhuri.

Mkadiriaji wenu alikuja, sikatai.
Alikunywa kahawa vikombe vitatu,
akapiga picha ishirini za pikipiki
ya jirani yetu Eino, ambayo ni nzima,
akaandika: hakuna uharibifu unaoonekana.

Mkataba nimeusoma kwa kioo cha kukuzia
ambacho Rauno hutumia kufungia ndoano zake.
Ukurasa wa kumi na nne, herufi kama mayai ya chawa:
barafu iwe imepimwa na mtu mwenye sifa.
Sifa zipi? Miaka sitini na mmoja
ameisikiliza barafu hiyo kwa nyayo,
anajua inapokohoa, anajua inapodanganya.
Siku ile alikosea.
Ndiyo. Liandikeni hilo kwa herufi kubwa: alikosea.
Siku ya kukosea ndiyo tuliyoilipia
kila mwezi, miaka ishirini na miwili,
hata mwezi ule kinu kilipofungwa
tukala viazi na chumvi, nanyi mkapata chenu.

Sasa ni Juni. Usiku hauingii.
Rauno anakaa dirishani, mguu juu ya kiti,
hazungumzi na mto.
Ile barafu mnayotaka ipimwe
imeshateremka, imepita madaraja,
nadhani imefika baharini.
Labda wenzenu wale walikuwa na haki.
Kama mnataka kuikagua, wahini.

Stempu hii ndiyo ya mwisho koponi.
Kesho duka linafunguliwa saa tatu.