Kosa la Tahajia

Nilishuka Witu na kalamu mbili nyekundu,
moja ya kazi, moja ya akiba,
na Kiswahili nilichokipata Kitui, vitabuni,
kimepigwa pasi hadi kwenye pindo.

Insha ya kwanza, kidato cha pili, madaftari hamsini na mawili.
Somoe Bwanaheri aliandika:
*Mama mato yake yameingia ukungu,
hunishika bega tukenda ndiani.*
Nikazungushia *mato*. Nikazungushia *ndiani*.
Pembeni nikatia "tah.", nusu alama, nusu alama,
hadi ukungu wa mamake ukanipotelea miduarani.

Alinijia saa ya chakula, daftari kifuani.
"Mwalimu, haya mato ni ya mama.
Nikiyaita macho, yatakuwa ya mtu mwingine."
Kisha akaniomba radhi, ndivyo alivyolelewa,
akaenda kuosha sahani.

Mimi huyu, darasa la tatu,
nilivaa kibao shingoni wiki nzima
kwa kuomba *manzi* badala ya maji.
Kamba yake ilikuwa ya katani. Bado inawasha.

Nyuma kabisa, penye dirisha lisilo kioo,
Hiribae Dido hajatamka neno tangu Januari.
Shule aliyotoka ilimwandikia ripoti:
"Mzito."
Basi. Haina hata tarehe.

Na Sirya Mwaringa, ambaye karatasini
baba yake hugeuka dada,
akisimamishwa kusoma husingizia tumbo.
Muhula wa kwanza tumbo lilimuuma mara kumi na tisa;
nilizihesabu, nikadhani nahesabu uvivu.

Jumatatu nikaleta mtungi, nikautua mezani.
"Hiki kilichomo ndani, kwenu chaitwaje?"
"Mai," Somoe.
"Madzi," Sirya, haraka, kabla tumbo halijakumbuka.
"Manzi," nikasema mimi, na shingo ikanisisimka.
Kimya. Mjusi akavuka ubao.
"Bisani."
Sauti ilitoka penye dirisha, nene kuliko mwenyewe.
Aliyecheka alipigwa kiwiko na Somoe.
Hiribae akaendelea, Kiorma kikikishika Kiswahili mkono:
kisima kimoja, ng'ombe mia na ishirini,
kila mmoja ndoo tatu, ndoo ni lita kumi,
akazidisha kichwani, akatuacha
tungali tunatafuta kalamu.

Sirya alingoja wenzake watoke.
Hakuniletea barua. Aliniletea hili, kwa mdomo,
akiangalia viatu vyake:

*Herufi zanichezea, kama siafu njiani,
moja nikiizoea, ingine yenda pembeni;
sikio likipokea, neno halitoki ndani:
nisomee, nitapea, kisha nipe mtihani.*

Nilihesabu mizani kwa vidole chini ya meza.
Haikupungua hata moja.

Bi. Mwanate, mwalimu mkuu, alinisikiliza hadi mwisho,
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.
"Mtihani wa taifa haujui mato, mwalimu.
Wala hausomei mtu."
Hakusema kwa ubaya. Ana mwanawe
aliyeachia shule kidato cha kwanza.
Akanisainia fomu: nusu saa ya ziada, na msomaji.

Sasa ni Septemba. Fomu haijajibiwa.
Kila alasiri namsomea Sirya chini ya paa la maabara
ambayo haijapata vifaa, na yeye hunisahihisha
nikiruka mstari.
Visima vya kina Hiribae vimekauka, ng'ombe wamehama,
naye kaondoka nao. Kiti chake sijakitoa.
Kwenye ripoti yake nilifuta lile neno
nikakosa la kuweka, nikaandika hesabu:
120 × 3 × 10.

Jana nimesahihisha insha ya Somoe.
Macho, macho, njiani, macho.
Safi. Hakuna pa kuzungushia.
Nimekaa nayo hadi stima ikapotea,
kisha, kwa penseli, chini ya alama zake zote,
nikaandika:

*Na mato ya mama, yaendeleaje?*