Zamu ya Maji

Kazi yangu ni kuwasha na kuzima.
Nakaa nyuma ya kioo, juu ya ukumbi wa Baraza, Maskati,
na mbele yangu vitufe vya wajumbe wote,
kila kitufe koo la mtu.
Mwenyekiti akiinua kalamu, nawasha.
Akiilaza, nazima.
Mwaka wa saba huu, na hatujavuka salamu.

Mitaani hudhani mwenye kiti ndiye mwenye neno.
Waje wamwone.
Neno ni la wa Barka, la wa Sur, la wa Ibri
anayesoma karatasi yake kama anayekariri deni.
Yeye ana saa, ana orodha, ana "Tafadhali, mheshimiwa,"
na ulimi anaouacha nyumbani kila asubuhi
akishafunga kilemba.

Lakini kipaza sauti chake, nikikifunga kwa ukumbi,
kwenye hedifoni zangu hakifungiki.
Hivyo namsikia mimi tu:
mate yakimezwa, punje za tasbihi zikigongana,
na siku wajumbe waliporushiana mafaili
nikasikia chini, chini kabisa:
Moja. Mbili. Tatu. N'ne. Tulia, Muhanna. Tulia, baba.

Kiswahili! Na si cha redioni:
cha Wete, chenye chumvi ya Pemba,
lugha ninayoijua kwa harufu ya vitumbua,
mama akigombana na jiko kule Al-Khuwair.
Sikumwambia mtu. Siri ya sikio ni amana.

Harub wa masjala ndiye aliyenipa mengine,
akichovya biskuti kwenye chai ya maziwa:
baba yake huyu alirudi kutoka Wete na redio na mtoto,
akashika uarifu wa falaji, nyuma ya Izki.
Mchana alipima zamu kwa kivuli cha kijiti,
usiku kwa nyota zinazochomoza juu ya jabali.
Athari moja ya mjane. Mbili za msikiti.
Nusu ya yule mgomvi mwenye mitende mitatu,
nusu kamili, tone lisipungue.
Mwenyewe hakuwa na hata mndimu.
"Mgawa maji akiwa na shamba," Harub alisema,
"kivuli hujifunza kupinda."

Jumanne ile ukaja mswada wa visima.
Kampuni ichimbe, mita mia tatu, juu ya Izki.
Kila mtu alijua ni kwao nani.
Yeye akausoma kama anayesoma ratiba ya basi.

Akasimama mjumbe kijana, mtetezi wa kampuni.
Katikati ya hoja waya wangu ukakatika. Kosa langu.
Nikaona nyuso zikifurahi.
Kalamu ikabaki juu.
"Mheshimiwa arudishiwe nusu dakika yake."
Nikairudisha. Kijana akaitumia vizuri, nusu dakika ile;
watatu niliwaona wakigeuka.
Hedifonini: ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba.

Ndiyo, arubaini na tatu. La, thelathini na tisa.
Akatangaza kwa sauti ile ile
anayotangazia mapumziko ya sala.

Ukumbi ukamwagika nje: viatu, mikoba, vicheko vya simuni.
Yeye akabaki, kalamu imelala.
Akainua uso, akakitazama kioo changu.
"Zima, mwanangu." Kwa Kiswahili.
Kumbe miaka yote alijua
maji yake yanavujia wapi.

Sikuzima.
Nikatazama saa, nikamfungulia ukumbi mzima,
vipaza vyote, viti vyote vitupu,
aseme lolote: jina la kijiji, jina la baba, hata tusi.
Nusu dakika. Mimi ndiye niliyempa.

Hakuitumia.
Sekunde ya thelathini akagonga meza kwa kalamu, mara moja,
kama anavyowagongea wajumbe
muda ukiwaishia.

Nikazima.