Kilomita Arobaini na Moja Nukta Saba

Mvua ya Aysén haikatiki, hubadilisha mkono tu.
Eduvina Cárcamo kaketi nyuma ya pikapu,
miguu nje, kifaa mapajani,
anaifuta ncha ya uzi wa kioo
taratibu, kama anayefuta jicho la mtoto.
Usiuchungulie. Nuru hii haionekani,
nayo hukuunguza kabla hujajua pana moto.

Anabonyeza.
Mpigo mmoja unaondoka kuelekea zahanati
ambayo tangu Jumanne inaita na kukatika.
Na njiani, kila hatua, kioo chenyewe
kinarudisha chembe: nipo,
nipo, nipo.
Mashine haina habari na kinachofika.
Inasikiliza kinachorudi,
inapima muda, inaugawa kwa mbili,
maana nusu ya safari ni ya kurudi.

Mstari unateremka skrini bila haraka.
Hapa kijongo kidogo: kiungo alichounga mwenyewe
mwaka wa mafuriko, vidole vimekufa ganzi;
anakijua kama fundi cherehani ajuavyo mshono wake.
Kisha, arobaini na moja nukta saba,
ngazi.
Mstari umeanguka kimya, bila kilele.
Uzi uliokatika hupiga ukelele.
Anabadili mawimbi, anachukua marefu zaidi: ngazi inazidi kina.
Basi haukukatika.
Umekunjwa.

Njia ya mwongo ni fupi.
Eduvina anaishika hii ndefu, gia ya pili, matope hadi bampa.

Don Abelino Huenumán anamngoja langoni, kofia kifuani.
Nguzo ililala kwa upepo, anasema,
kebo ikawa barabarani, malori ya magogo yangeiua.
Nikaiokota. Nikaifunga hapa.
Fundo zuri, kavu, la kukaza,
fundo la mtu aliyefunga farasi miaka sitini.

Eduvina hagombi. Anafungua kwa meno ya koleo,
anaachia duara pana, pana kama sinia.
“Hivi, don Abelino. Haidhuriki kwa kupendwa,
ila usiibane.”

Anapima tena.
Mzee anainama juu ya skrini,
maji ya mvua yakichuruzika ukingoni mwa masharubu.
“Mimi niko wapi hapo?”
Eduvina anaweka kucha juu ya mstari.
“Hapa.”
“Mbona sioni kitu?”
“Ndiyo,” anasema, na kufunga kifaa.