Upeo wa Zamani Umepatikana

Toleo jipya limeshuka tangu adhuhuri,
asilimia moja moja, kama maji ya bomba la Langoni,
na saa mbili usiku nimo darini,
kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa,
darubini imevuliwa shuka lake.

Limekuja na mambo. Nayasoma kwa sauti
ili Shekuwe, mshika tochi, asisinzie:
linatafuta lenyewe ukali wa picha,
linailaza darubini wingu likipita,
lina kioo chekundu cha usiku kisichochoma macho,
na halihitaji tena nyota ya kaskazini.

Hapo nilicheka hata paka akaruka ukutani.
Miaka sita kitabu cha maelekezo kinaniamuru
nianze na nyota ya kaskazini,
nami niko Lamu, kusini ya mstari kwa nyuzi mbili na ushei;
nyota hiyo imelala chini ya mikoko ya bara,
haijatuamkia hata siku moja.
Nilikuwa nikikisia. Dira, timazi ya fundi, bismillahi,
nikichomeka kipande cha tofali, nikikichomoa.

Sasa ni picha tatu.
Inapiga moja, inageuka, inapiga ya pili, inageuka,
inalinganisha vumbi lote la mbinguni na daftari lake,
kisha inaandika: *Umepotoka nyuzi mbili, upande wa magharibi.*
Kweli nimepotoka.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwa upole namna hiyo.

Na inaruhusu majina yetu.
Ile iliyoandikwa HIP 30438 nikaifuta, nikaandika Suheli.
Shekuwe akaomba na yeye moja,
ndogo, karibu na Kilimia, isiyogombewa na mtu.
Akaiita Punda wa Kupi.
Imehifadhiwa.

Ndipo likatokea swali, katikati ya kioo:
*Upeo wa zamani umepatikana. Uhifadhiwe au ufutwe?*

Upeo ni ule mstari niliouchora mwaka wa kwanza
kwa kipimapembe cha darasani,
kuiambia mashine pasipopitika:
mashariki, tangi la kina Famau, nyuzi kumi na tisa;
kusini, mnara wa msikiti, thelathini na moja, mwembamba;
magharibi, makuti ya dari ya Bi Mwanatumu,
arubaini kamili.

Makuti hayapo.
Nyumba iliuzwa arubaini yake haijesha,
ikabomolewa hadi kiuno; aliyenunua alisema hoteli,
na hadi leo ni mbuzi wawili na rundo la matumbawe.

Lakini mashine haikuambiwa.
Miaka miwili nikiituma magharibi inagoma,
*kuna kizuizi*, inasema, na kurudi nyuma kwa adabu,
ikimpisha mtu asiyekuwepo.

Maana alipanda huku siku ile ya kwanza, ngazi zote zile,
magoti yakimlalamikia, akauliza:
"Na hilo ito lako, mwanangu, latazama wapi?"
Nikamwonyesha mstari. Nikamwambia, Bi, halishuki hapa.
Halitaona kanga yako wala chungu chako.
Akaukodolea kioo, akaugusa mstari kwa ukucha wa hina.
"Basi ni ukuta," akasema. "Ukuta mzuri. Haumwagi chokaa."

Toleo la zamani lilijua kuhifadhi au kufuta, basi.
Hili jipya linakubali nukta ishinikwe, ivutwe polepole.
Nikavuta. Thelathini na tano.
Ishirini. Shekuwe ameacha kupiga miayo.
Kumi na mbili, alipokuwa akianika.
Nne, urefu wa ukuta uliobaki.

"Huko kuna nini?"
Sijui. Sijawahi kuangalia.

Akazima tochi bila kuambiwa.
Mota ikaguna, darubini ikaanza kuinama magharibi,
na kabla haijafika nikasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo:
Hodi.