Sailensa ya Nyakundi

Nalala wakati wengine wanapiga mswaki.
Nikitoka zamu, Nakuru bado ina umande,
natembea hadi Kaptembwo na harufu ya spiriti mikononi,
nafunga pazia kwa vibanio vya nguo,
nalala.
Nusu saa.
Kisha Nyakundi anawasha.

Kuwasha? Anapasua.
Mabati yanaitikia, vikombe vinagongana kabatini,
kuku wa Mama Jerotich anasahau yai njiani,
nami nimeketi kitandani, moyo mkononi,
nauliza ni mgonjwa gani amezidiwa.

Nilimwendea. Leso moja, hasira mbili.
Nikamwambia: debe tupu ndilo livumalo.
Akacheka, akalipiga tangi kofi:
“Debe hili hubeba abiria wawili na gunia la viazi, sista,
na barabara ya Salgaa haina huruma.
Dereva wa lori hanioni. Basi na anisikie.
Fundi wa Shabab aliitoa sailensa matumbo
kwa mia tatu. Mia tatu, roho yangu hii.
Wewe ungeniuzia kwa ngapi?”

Nilikosa bei.
Jibu lilinijia nikiwa mlangoni kwangu, limechelewa kama kawaida:
bomba limetazama nyuma, Nyakundi.
Lori linakuja mbele.
Anayekusikia ni yule uliyekwisha kumpita,
na mimi,
na mtoto wa jirani aliyekesha na homa,
na mzee wa nyumba ya kona anayeswali kwa kunong'ona.
Nikaliandika nyuma ya kadi ya kliniki
nisije nikalisahau.

Halafu Juni, mvua, usiku wa kuamkia Jumatano.
Saa tisa. Stima zimepotea, jenereta inakohoa.
Makokha wa langoni aliisikia kabla yetu sote:
ngurumo upande wa Njoro,
mbali, inaikata mvua vipande,
inazama bondeni, inaibuka tena.
Hakungoja honi. Alifungua lango, akaburuta machela,
akapaza sauti: “Kuna mtu analeta mtu!”
Pikipiki ilipoingia tulikuwa tumeshavaa glavu.
Nyuma ya Nyakundi, Chelang'at, ameuma kola ya koti lake.
Nyuma ya Chelang'at, shangazi, amemkumbatia
kama gunia la viazi.
Dakika nne.
Mtoto hakungoja hata jina la mama liandikwe.
Alilia. Mnajua alilia kama nini.
Sitasema.

Tangu hapo napima.
Usiku mmoja upande huu,
asubuhi mia tatu upande ule,
na mizani haitaki kutulia.
Nilimuuliza Makokha: je, honi usingeisikia?
Akasema angeisikia, tena vizuri.
Angeisikia langoni.
Akaendelea kukamua maji ya soksi zake,
na mimi nikaona langoni ni karibu mno.

Ile kadi sikumwonyesha. Bado iko, katikati ya sahani na ukuta.
Nilimwomba jambo dogo tu:
isukume hadi kwa muuza makaa, Nyakundi,
ndipo uwashe. Hatua sitini. Nimezihesabu.
Akasema atafikiria.
Akafikiria wiki mbili, akipasua kila siku.

Leo nimeamka mwenyewe, bila sababu.
Nikasikia mnyororo ukihesabu meno yake,
ndara zikichapa tope,
mwanamume akihema na chuma kizito
chini ya dirisha langu, polepole,
kama anayembeba mtu aliyelala.
Nikabaki macho. Nikahesabu naye.
Hamsini na tisa.
Sitini.

Akawasha,
nami nikalala.