Kwa Penseli

Fomu ina kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu
kuna mstari mfupi kama kidole gumba:
Anaishi vipi?
Nesi Thelma Robson ameujaza mara mia
katika nyumba mia za vilima vya Northumberland,
mkono ukienda wenyewe: "alone".
Leo umeliandika, kisha kalamu haikuondoka.

Mzee Cuthbert Dodds amevua kofia, amebaki na alama ya kofia.
Presha nzuri. Kidonda cha mguu kinafunga.
Kondoo aliwauza Oktoba, isipokuwa jike mmoja kiziwi
ambaye hakuna aliyemtaka, hata kwa bei ya sufu.
Mezani vikombe viwili vimekwisha pashwa moto,
na nesi hakuwa amepiga simu kwamba anakuja.

"Umeandika nini hapo?"
Anayasoma maneno yakiwa yamepinduka,
ujuzi wa miaka arobaini ng'ambo ya meza ya benki.
"'Alone'. Sawa. Hiyo ni hesabu tu.
Sahani moja, kiti kimoja, mswaki mmoja.
Hesabu sigombani nayo.
Ila usije ukaandika lile lingine."

Lile lingine ni "lonely".
Hawa ni ndugu wa tumbo moja,
kama kwetu peke na upweke:
herufi mbili tatu kati yao, na humo katikati
mtu huzama bila kulowa nywele.
Peke unaiona ukipita barabarani.
Upweke mpaka uambiwe,
na mwenye nao ndiye wa mwisho kuutaja.

Thelma anajua na jambo jingine asilolisema.
Ukiandika "alone", karatasi inalala kabatini.
Ukiandika "lonely", karatasi inaamka, inapanda ngazi za ofisi,
na kila Alhamisi mama mmoja mwenye biskuti atabisha hodi
kucheza karata na mtu asiyependa karata.
Neno moja lina miguu, mwenzake hana.

"Kuna 'solitary'," anajaribu,
kama muuza viatu aletaye saizi nyingine.
"Hilo la nyuki na wafungwa.
Isobel angesema 'on his own'."
Halafu kimya, na chai inapoa mikononi mwake.

"On his own". Thelma analigeuza ulimini.
Ndani yake mna kumiliki:
mtu kasimama juu ya chake,
ukuta wa mawe alioupanga mwenyewe,
hati ya shamba kwenye bati la biskuti, mke kaburini.
Zuri. Lakini haliingii
kwenye mstari wa kidole gumba.

Anafunga mkoba. Hapo ndipo mzee anakumbuka
kwamba yule jike kiziwi anachechemea, hebu amtazame.
Hachechemei.
Kisha kuna habari ya mvua. Uani anamweleza mvua tatu,
inayonyunyiza, inayopita njia, na ile inayohamia na mizigo yake,
kila moja kwa jina lake, hakosei hata moja,
na muda wote ameshika mlango wa gari
kama mtu ashikaye pembe ya kondoo asikimbie.

Garini, injini ikiunguruma, Thelma anafungua fomu tena.
"Alone" analiacha kwa wino; lilikwisha hesabiwa.
Pembeni, kwa penseli, anaandika lile lililokatazwa,
jepesi, karibu lisionekane,
ili likiwa uongo mtu alifute.
Likiwa kweli,
likiwa kweli hakufikiria.

Kwenye kioo cha nyuma nyumba inakuwa ndogo.
Dirishani mkono unakwenda kulia, kushoto, kulia.
Anampungia,
au anafuta ukungu wa dirisha.
Barabara inakata kona kabla hajapata neno.