Lumbesa

Nianze na hili, nisije nikalikwepa mwishoni:
ile klipu niliisambaza mimi.
Alfajiri, Isongole, ukungu umekalia barabara,
nangoja fuso la viazi, vidole vimekufa ganzi,
bando la usiku limebaki robo saa.
Mtu wa koti jeupe, mgongoni ukuta wa vitabu.
Hakuna ugonjwa wa akili, akasema, kuna uchafu wa tumbo.
Vidonge vya hospitali vinakula ubongo.
Siku saba tu, kijiko asubuhi, kijiko jioni,
na namba ya kulipia ikapita chini, ikapita tena.

Nikamkumbuka Ambilikile. Nikabonyeza.
Kikundi cha ukoo, watu arobaini na wawili:
jamani, tumsaidie mdogo wetu.
Dole gumba. Dole gumba. Mikono ya sala.

Naye akatii. Mdogo wangu ni mtiifu, ndiyo shida yake.
Vidonge akavimwaga chooni, kijiko akakishika.
Wiki ya tatu tulimkuta usiku kwenye shamba la watu,
mvua inamchapa, anafukua kwa kucha
viazi ambavyo havijakomaa.
Vinaniita, dada, alisema. Husikii?

Mbeya mjini, nesi Tusekile hakunigombeza.
Aliuliza tu: huyo daktari ni wa hospitali gani?
Sijui.
Jina lake?
Nikataja jina la ukurasa.

Mimi!
Mimi nisiyepanda mbegu bila kuipasua kwanza,
maana kiazi huweza kung'aa nje kama kimepakwa mafuta
na ndani kina pete ya kahawia,
na pete moja hunifanya nilikatae gunia zima.
Mimi niliyeibiwa kwa lumbesa miaka kumi na minne,
ninayelijua gunia lililovalishwa kofia,
limeshonewa kamba juu ya mdomo wake.
Siku saba: kofia.
Linatibu kila kitu: kofia.
Madaktari hawataki ujue: kofia juu ya kofia.
Na ziada ya lumbesa, kama kawaida,
hailipwi na aliyejaza.
Safari hii alilipa Ambilikile.

Amerudi nyumbani. Analala. Jana alilalamika chumvi imezidi,
nikafurahi kama nimepewa ng'ombe.

Nikarekodi sauti yangu, dakika moja, bila muziki:
ile klipu ni ya uongo, niliituma mimi, mnisamehe.
Arobaini na mmoja wakasikiliza.
Hakuna dole.
Baba mdogo Mwakalobo akaandika: usitishe watu,
kisha akaituma upya, ileile, koti lilelile.

Saa tano usiku simu ikaita. Binti wa shangazi, yuko Mafinga,
ananong'ona kama ameiba:
dada, na mimi ninavyo vidonge. Niliviacha juzi.
Nivirudie?

Jibu lilinijia mdomoni, tamu, limeshaiva.
Nikalimeza.
Nikamwambia: usiniamini hata mimi.
Kesho asubuhi nenda kamuulize aliyekupa.
Nauli nakutumia sasa hivi.